Ukuta Unapokosana na Mfano

Kila mwaka, kwa karibu nusu karne, wasimamizi wa ujenzi wa kanisa kuu la Florence, Italia, waliweka mkono juu ya Biblia wakaapa kwamba kanisa litajengwa kama mfano unavyoonyesha. Mfano wenyewe ulisimama ndani ya kanisa hilohilo ambalo lilikuwa bado halijakwisha, nao ulikuwa mrefu kumzidi yeyote aliyepita kuutazama. Ulipitishwa mwaka 1367, ukiwa na kuba pana ajabu ambayo hapakuwa na fundi mjini aliyejua itasimamishwaje. Yaani waliapia kazi wasiyoiweza, na mwaka uliofuata wakarudi kuapa tena.

Nimeanza na kiapo kwa makusudi. Mazungumzo ya siku hizi kuhusu pacha wa kidijitali katika ujenzi huanzia kwenye vifaa: droni inayopaa juu ya saiti, skana ya leza, vihisi vilivyofichwa ndani ya zege, jengo linalozungushwa kwenye skrini huku wageni wakipiga makofi. Vifaa hivyo vina kazi yake na nitavieleza. Lakini swali zito lilikuwapo kabla ya umeme. Ukuta na mfano vinapokosana, kipi kikifuate kingine? Na ni nani anayelazimika kusema kwamba vimekosana? Florence ilijibu kwa namna yake, Beijing kwa namna yake, na Ise kule Japani kwa namna ambayo ingemshangaza mhandisi wa London. Nikiyaweka majibu hayo bega kwa bega ndipo ninapoona kinachokosekana kwenye saiti za Dar es Salaam na Nairobi, na wala si droni.

Kwanza kitu chenyewe. Tangu miaka ya 1970, Mmarekani Chuck Eastman alipoanza kueleza namna ya kuliandika jengo zima ndani ya kompyuta, wasanifu wamezoea taratibu modeli ambayo si mistari mitupu: ukiigusa nguzo, inakuambia ina nondo ngapi, zege la daraja gani, itagharimu kiasi gani. Huo ndio mfumo ambao watu wa fani huuita BIM. Modeli ya namna hiyo husema jengo linavyotakiwa kuwa. Pacha anatakiwa aseme lilivyo leo, saa hii, pamoja na makosa yake. Mwaka 2018 Werner Kritzinger na wenzake walipendekeza ngazi tatu zinazofaa kukumbukwa kila muuzaji wa programu anapofungua kinywa. Kama taarifa huingizwa kwa mkono, hiyo ni modeli tu. Kama taarifa za saiti huingia zenyewe kwenye kompyuta lakini kompyuta hairudishi kitu, hicho ni kivuli. Pacha hupatikana pale tu mawasiliano yanapokwenda na kurudi: saiti ikibadilika naye anabadilika, naye akibadilika kuna kitu kwenye saiti kinachobadilika pia. Kwa kipimo hicho, vingi vinavyouzwa leo kwa jina la pacha ni vivuli.

Zege ndilo linaloeleza jambo hili vizuri zaidi. Kwa desturi, siku ya kumimina slabu mafundi hujaza zege kidogo kwenye viboksi vya chuma, vipande vinavyopatikana hulowekwa majini, halafu hupelekwa maabara kuvunjwa siku ya 7 na siku ya 28. Vipande vyaweza kufaulu ilhali slabu yenyewe, iliyopigwa jua na upepo huko juu, ina hali nyingine kabisa. Kihisi kinachofungwa kwenye nondo kabla ya kumimina hupima joto la zege lililomo ndani ya slabu hasa. Kwa kuwa zege hukomaa kwa kadiri ya joto na muda, programu hukadiria nguvu yake saa kwa saa, na makadirio hayo yakiunganishwa na ratiba, tarehe ya kutoa mbao na mirunda husogea yenyewe mbele au nyuma. Usiku ukiwa wa baridi, pacha anasema subirini. Na kama kuna mwenye mamlaka ya kuwasubirisha mafundi, wanasubiri.

Skana ya leza hufanya kazi ya namna hiyohiyo kwa macho. Hupiga mamilioni ya nukta kwenye kuta na nguzo, wingu hilo la nukta hulazwa juu ya modeli, na nguzo iliyoegemea sentimita tatu huonekana kabla ghorofa nyingine haijapandishwa juu yake. Bomba la kiyoyozi lililopitishwa mahali pa boriti huonekana kabla dari halijafungwa. Hakuna uchawi hapo. Foromani mwenye jicho kali na timazi angeona mengi ya hayo, ila hawezi kuwa kwenye ghorofa 20 kwa asubuhi moja.

Wazo halikuzaliwa kwenye ujenzi. Aprili 1970, tangi la oksijeni lilipolipuka ndani ya chombo cha Apollo 13 kikiwa njiani kwenda mwezini, wahandisi wa NASA walivirekebisha viigizi vyao vya ardhini vifanane na chombo kilichoharibika, na mwanaanga Ken Mattingly akajaribu humo hatua za kukiwasha upya kabla wenzake watatu hawajaagizwa kuzifuata. Michael Grieves alilipa wazo hilo umbo katika mhadhara kwenye Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 2002, na John Vickers wa NASA ndiye aliyelipa jina la pacha mwaka 2010. Linalonivutia katika kisa cha Apollo ni kwamba kiigizi kilikubali kuharibika. Wangeng'ang'ania chombo kama kilivyochorwa, wangebaki na picha safi ya kitu ambacho hakipo tena.

Florence isingekubali jambo hilo. Huko neno la mwisho lilikuwa la mfano, na kiapo kilihakikisha hivyo. Mwaka 1418 likatangazwa shindano la kutafuta njia ya kuijenga ile kuba, na Filippo Brunelleschi, mfua dhahabu aliyegeuka mjenzi, akajenga mfano mwingine wa matofali na chokaa kuthibitisha kwamba kuba inaweza kupanda bila kiunzi cha mbao cha kuishikilia kutoka chini. Kazi ilianza 1420, kuba ikafungwa 1436. Umbo lilikuwa lilelile lililoapiwa na watu waliokwisha kufa. Ukitaka kuona mradi wa umma uliopita mikononi mwa vizazi viwili bila kupindishwa, huo hapo, na sababu yake ni kwamba mfano ulikuwa hadharani. Mwananchi yeyote aliweza kuingia akautazama, akatoka nje akalinganisha.

Lakini njia ya kujenga haikuwa hadharani. Walioandika maisha ya Brunelleschi wanasimulia kwamba alipotaka mafundi waelewe jiwe likatweje, aliwachongea umbo lake kwa udongo, kwa nta, hata kwenye tanipu, mboga ya mizizi inayoliwa kule. Wanasimulia pia kwamba mifano yake mingine aliiacha pungufu kwa kusudi, washindani wasije wakamwibia maarifa na mafundi walazimike kumrudia yeye kuuliza. Tabia hiyo haijafa. Leo mwenye jengo hukabidhiwa funguo za milango, na taarifa za jengo lake zikabaki kwenye programu ya mtu mwingine ambayo lazima ailipie kila mwaka ili aifungue. Brunelleschi angalau alikuwa anapatikana pale pale jukwaani. Matokeo ya usiri wake ni kwamba wataalamu bado wanabishana jinsi baadhi ya sehemu za kuba zilivyojengwa. Kuba ina nyufa, na tangu miaka ya 1980 imefungwa vyombo vya umeme vinavyozifuatilia. Jengo lililojengwa kwa kuutii mfano limeishia kutegewa sikio lenyewe.

China walianzia kwenye daftari. Mwaka 1103 dola ya Song ilichapisha Yingzao Fashi, kitabu cha Li Jie, afisa aliyesimamia ujenzi wa serikali, na lengo mojawapo lilikuwa kuziba mianya ambayo mali ya umma ilikuwa ikivujia kwenye majengo ya dola. Kitabu kinapanga ukubwa wa mbao katika madaraja manane, na kutoka kwenye daraja moja vipimo vingine vyote vya jengo hufuata. Kinasema kazi fulani inahitaji nguvu kazi kiasi gani, na hakisahau kwamba siku ya kiangazi ni ndefu na ya kipupwe ni fupi, hivyo kibarua wa majira hayo mawili hadaiwi kazi sawa. Mkadiriaji majenzi wa leo angekisoma kwa wivu. Ratiba nyingi tunazopewa siku hizi hazijui kama kuna masika.

Karne kadhaa baadaye, chini ya dola ya Qing, ukoo mmoja ulikaa kwenye kazi ya usanifu wa majengo ya kifalme kwa zaidi ya miaka 200, baba akimrithisha mwana. Ni ukoo wa Lei. Waliunda mifano ya karatasi nzito, mbao na mabua ya mtama, wakaigandisha kwa gundi na kuinyoosha kwa pasi ya moto. Paa hufunuliwa, mfalme akachungulia vyumba ndani. Vibandiko vimeandikwa vipimo. Mfalme akiridhia, ndipo hesabu za vifaa na vibarua zinapoanza. Na hawakuishia hapo. Katika nyaraka zao imo michoro inayoonyesha makaburi ya kifalme ya Dingdongling yakiwa katikati ya ujenzi, hatua baada ya hatua, iliyochorwa ili walioko ikulu wajue kazi imefika wapi. Taarifa ilitoka kwenye saiti, ikafika kwa mwenye amri, na amri ikarudi. Kwa ngazi za Kritzinger ni vigumu kumnyima Lei jina la pacha, japo alikuwa pacha wa mwendo wa farasi.

Tofauti na Florence iko wazi. Kule mfano ulikuwa mali ya mji na kila mtu alikuwa shahidi. Hapa mfano ulikuwa barua kwa msomaji mmoja. Ukuta ukikosana na mfano, hakuna kiapo kilichovunjwa, kuna mtu mmoja wa kuridhishwa. Mpango huo una nguvu zake, kwani uamuzi hauchelewi na kumbukumbu hutunzwa kwa hofu. Una udhaifu wake pia. Dola ilipoanguka mwaka 1912, ukoo ule uliporomoka nao, ukauza michoro yake. Bahati ni kwamba sehemu kubwa iliingia Maktaba ya Taifa ya China, na mwaka 2007 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Bustani ya kifalme ya Yuanmingyuan, iliyochomwa moto na majeshi ya Uingereza na Ufaransa mwaka 1860, imejengwa upya kwenye kompyuta na watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua wakitegemea michoro hiyo. Karatasi iliyokusudiwa jicho moja imekuwa shahidi wa wote, miaka 150 baadaye.

Ise ndipo mahali panaponisumbua, maana hapo nadharia zote zinageuka kichwa chini. Hekalu kuu la Kishinto la Ise lina viwanja viwili vilivyopakana. Kimoja kina hekalu, kingine ni kitupu, kimetandazwa kokoto nyeupe. Kila baada ya miaka 20 hekalu jipya hujengwa kwenye kiwanja kitupu, likifanana na la zamani. Kwa muda mfupi yanasimama yote mawili, kisha la zamani hufumuliwa na mbao zake nyingi hugawiwa mahekalu mengine nchini. Desturi hii ilianza mwaka 690. Ujenzi wa 62 ulikamilika 2013, na wa 63 unatarajiwa 2033. Hapa pacha wa jengo ni jengo. Hakuna modeli inayopitwa na wakati, kwa sababu modeli ndiyo inayotumika kuabudia.

Miaka 20 haikuwekwa ovyo, au kama iliwekwa ovyo basi imefaa. Seremala anayeanza kazi akiwa kijana hufika ujenzi unaofuata akiwa katika nguvu zake, na wa tatu akiwa mzee wa kuelekeza. Ujuzi wa kuunganisha mbao hukaa mikononi mwa watu, mahali ambapo skana haifiki. Wapenzi wa pacha wa kidijitali hunieleza kwamba wingu la nukta hunasa kila kitu. Hunasa uso. Halijui seremala alianza kukata upande gani wala kwa nini aliuacha upande wa pili. Hata hivyo Ise si peponi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 15 na 16 vilikatiza ujenzi wa hekalu la ndani kwa zaidi ya miaka 120, hadi 1585. Vizazi vya maseremala vilipita bila kulijenga. Utamaduni unaohifadhi kila kitu mikononi hauna pa kushika mikono inapokosekana.

Paris iliunganisha njia hizi mbili, ya skana na ya mikono, bila kupanga. Andrew Tallon, mwanahistoria wa sanaa, alilipima kanisa la Notre-Dame kwa leza mwaka 2010, kwa utafiti wake tu, akagundua kwamba nguzo za ndani hazikupangika sawasawa kama watu walivyodhani. Alifariki Novemba 2018. Miezi mitano baadaye, tarehe 15 Aprili 2019, paa la kanisa liliteketea. Vipimo vyake, pamoja na vile vya dari la mbao vilivyochukuliwa mwaka 2014 na wasanifu Rémi Fromont na Cédric Trentesaux, vikawa msingi wa kazi. Na mbao za mwaloni zilipofika zilichongwa kwa mashoka, kama zile za karne ya 13, na maseremala waliojifunza upya namna ya kushika shoka. Kanisa lilifunguliwa Desemba 2024. Kompyuta ilisema boriti ilikuwa wapi na ina unene gani. Mkono ukasema inatokaje kwenye gogo. Sidhani kama kuna saiti nyingine ya karne hii iliyoonyesha kwa uwazi kiasi hicho kila upande unaweza nini na hauwezi nini.

Djenné, Mali, sina haja ya kukaa sana, ila kuna jambo moja halipitiki. Msikiti wake mkubwa wa udongo, uliojengwa upya mwaka 1907, husilibwa kila mwaka na mji mzima chini ya chama cha mafundi waashi, na miti inayochomoza ukutani ndiyo ngazi yao. Mwaka 2006 timu ya wataalamu ilipanda juu ya paa kulichunguza kwa ajili ya ukarabati, na mji ukalipuka kwa ghasia. Watu hawakuwa wamekubali paa lao lifunguliwe na wageni. Wale wanaotaka kuweka kamera na vihisi kwenye kila ghorofa wangepaswa kukisoma kisa hicho. Kumpima mtu na kazi yake bila idhini ni uchokozi hata kama nia ni njema, na kibarua anayefuatiliwa na kamera kuanzia saa moja asubuhi atatafuta njia ya kuidanganya.

Katika zama zetu, nchi mbili zinastahili kuwekwa pamoja. Singapore ilikwenda kwa amri: kufikia 2015 majengo mapya yenye eneo la zaidi ya mita za mraba 5,000 yalitakiwa kuwasilishwa serikalini kwa modeli ya BIM, na serikali ikaanzisha mradi wa kuunda pacha wa nchi nzima, uliotengewa dola milioni 73 za nchi hiyo. Kisiwa kimoja, mamlaka moja, msomaji mmoja. Mzee Lei angejisikia nyumbani. Uingereza ilikwenda kwa kanuni. Iliwalazimisha wakandarasi wa miradi ya serikali kuu kutumia BIM kuanzia Aprili 2016, na Desemba 2018 kituo kimoja huko Cambridge kikatoa kanuni tisa za maadili ya pacha, zikitanguliwa na ile ya manufaa ya umma.

Ila kilichoisukuma Uingereza zaidi ni moto. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 jengo la Grenfell Tower, London, liliungua na watu 72 wakafa. Uchunguzi ulioongozwa na Judith Hackitt ulikuta kwamba taarifa za majengo marefu, yaani nini kilibadilishwa, lini, kwa kifaa gani na kwa idhini ya nani, mara nyingi hazikuwa zimetunzwa mahali pamoja. Sheria ya Usalama wa Majengo ya mwaka 2022 ikaweka wajibu huo kwa majengo ya makazi yenye urefu wa mita 18 au ghorofa 7 na kuendelea: taarifa zitunzwe kidijitali tangu ubunifu hadi matumizi, na mtu anayetajwa kwa jina awajibike nazo. Baada ya karne sita, kiapo cha Florence kimerudi, safari hii kikiwa na kifungu cha sheria. Na kimeboreshwa, kwa sababu anayewajibika haapi kwamba jengo litafanana na mfano. Analazimika kusema linapotofautiana nao.

Sisi je? Pwani yetu ilikuwa na mfano wake, nao ulikuwa mti. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu. Fundi hakuhitaji ramani kumwambia asizidishe. Boriti ilikuwa imekwisha kumwambia. Zilipokuja nondo na saruji, mlinzi huyo aliondoka na hatukuweka mwingine mahali pake. Zege hukubali upana wowote unaoombwa, mpaka siku linapokataa.

Na tunaye pacha wetu wa kienyeji. Mtanzania aliyeko Muscat, au Mkenya aliyeko Minneapolis, anajenga nyumbani kwa simu. Jioni zinaingia picha za WhatsApp kutoka kwa shemeji au kwa fundi: "Kaka, kazi inakwenda, tumebakiza lenta tu." Pesa inatumwa, kazi inasonga. Taarifa imekwenda na agizo limerudi, kwa hiyo kwa ngazi za Kritzinger mfumo huu unakaribia upacha kuliko programu nyingi za bei kali. Kinachouangusha ni kwamba anayepiga picha ndiye anayepaswa kuhukumiwa na picha. Anachagua kona. Nondo zimeshafunikwa na zege kabla simu haijatolewa mfukoni, na mifuko ya saruji iliyotumika haionekani kwenye ukuta uliopigwa lipu. Wengi wamerudi likizo wakakuta nyumba isiyofanana na albamu.

Kwenye maghorofa hasara ni ya roho za watu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la makazi la Huruma, Nairobi, lilianguka usiku wa mvua na kuua watu wapatao 50. La Huruma lilikuwa limekwisha kuwekewa alama ya kubomolewa. Taarifa ilikuwapo, ilijulikana, na watu wakaendelea kulala humo. Kihisi cha thamani gani kingeongeza nini hapo? Kingepiga kelele kwa watu ambao tayari walikuwa wamesikia.

Kwa upande mwingine yako majengo ambayo kupimwa kila siku si anasa. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Jengo la zamani linaloguswa huku limesimama ndilo hasa linalodai vyombo vya kupima kuta zinavyosogea, na vyombo hivyo vipo. Watafiti wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town wamepima kwa leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara hadi jiwe moja moja. Nadhani leo magofu ya Kilwa yana kumbukumbu sahihi kuliko maghorofa mengi tunamolala. Kwenye maghorofa hayo, ramani za jengo lilivyojengwa hukabidhiwa mwishoni mwa mradi, na ni siri iliyo wazi kwamba mara nyingi ni ramani zilezile za mwanzo zilizogongwa muhuri wa tarehe mpya.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba hatujawa tayari kwa pacha, na kinachotuzuia si fedha wala intaneti. Tumeruka hatua ambayo Li Jie aliimaliza mwaka 1103. Shajara ya saiti inayojazwa kila siku, yenye picha za nondo kabla ya kumimina, saa na mahali vikiwa vimeandikwa, ikasainiwa na mkandarasi na mhandisi mshauri, kisha ikahifadhiwa mahali ambapo hakuna kati yao anayeweza kuifuta: hiyo inawezekana kwa simu zilizoko mifukoni leo. Vihisi vya zege na skana vifuate, tukianza na majengo marefu na ya zamani. Bodi ya Usajili wa Makandarasi ya Tanzania na Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi ya Kenya zinaweza kulifanya hilo kuwa sharti la kibali, na halmashauri kulifanya sharti la kuruhusu watu wahamie.

Wakati tukizisubiri, mwenye jengo ana silaha moja ambayo haihitaji sheria mpya. Andika kwenye mkataba kwamba kumbukumbu za ujenzi ni mali yako, katika umbo unaloweza kulifungua bila kumwomba mtu, na usilipe fungu la mwisho hadi ziwe mkononi mwako na mhandisi asiyekuwa wa mkandarasi awe amezilinganisha na kuta.